Fremu iko wapi? Kwa wanaoanza kupamba nyumba kwa vitu vya majengo ya zamani

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii hapa Dar huanza na mlango, na wengi huununua nusu. Mtu anakuta mbawa mbili za mlango wa nakshi zimeegemezwa ukutani kwa dalali, zinamkaa moyoni, analipa na kuita kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mzigo ukishashushwa ndipo fundi anauliza: fremu iko wapi?

Fundi ana haki ya kuuliza. Mlango wa nakshi wa pwani haushikiliwi na bawaba. Kila ubawa una kigingi juu na kingine chini, navyo vinazunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye vizingiti. Ubawa mmojawapo umebeba mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya mlango ukifungwa. Halafu nakshi yenyewe mara nyingi imejaa kwenye miimo, ile miti ya pembeni ya fremu, na kizingiti cha juu, mbawa zikiwa za mbao tupu zenye misumari tu. Kwa hiyo aliyenunua mbawa peke yake ameacha nyuma sehemu nzuri kuliko zote, tena hana pa kuzitundika. Ndiyo asili ya zile meza za sebuleni zenye ubawa chini na kioo juu. Mimi sizipendi: vumbi linaingia kwenye michongo chini ya kioo na hakuna anayelisafisha.

Kanuni yangu kwa kila kitu, kiwe mlango, dirisha au komeo, ni kukichukua pamoja na kile kilichokuwa kinakishika. Dirisha na fremu yake, komeo na pete yake, grili na vishikio vyake vya ukutani. Vishikio hivyo wabomoaji huvikata kwa haraka kwa sababu vinawachelewesha, kwa hiyo ongea nao mapema na uwalipe kitu kidogo wavichimbue.

Turudi kwenye mlango, maana kuna jambo la kujua kabla ya bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kuwa vitu vinavyolindwa. Kuutoa mlango wa namna hiyo nje ya nchi kunahitaji leseni, na hata kama unauhamishia Mbezi tu, pitia kwanza Idara ya Mambo ya Kale. Mteja akikuambia ana ndugu yake Ulaya anautaka, mweleze hivyo siku hiyohiyo, usingoje mzigo ufike bandarini. Na mlango ulio kwenye nyumba ambayo bado imesimama, uache. Kuna madalali watakaokuambia mwenye nyumba amekubali, na mwenye nyumba ni mjukuu mmoja kati ya warithi kumi.

Ukitaka kuzoeza jicho, nenda Boma la Kale pale Barabara ya Sokoine, jengo la enzi za Sultan Majid, au fika Bagamoyo ukatembee Mji Mkongwe. Usiende na hela. Angalia tu mikono ya watu imelainisha wapi, maji ya mvua yameozesha wapi, rangi zimepakwa ngapi juu ya nyingine. Mlango uliozeeka kwa kutumika huchakaa penye komeo na chini karibu na sakafu. Uliozeeshwa karakana huwa umechakaa sawasawa kila mahali, unanuka rangi ya viatu, na ukigeuza nyuma unakuta skrubu za nyota. Mlango mpya si dhambi, wachongaji wazuri wapo Zanzibar na Bagamoyo mpaka leo. Ila uuzwe kwa bei ya mlango mpya.

Kusema kweli, anayeanza namwelekeza kwenye vitu vya karibuni zaidi: mali ya nyumba za miaka ya 1950 na 1960 zinazoshushwa Upanga na Kariakoo kupisha maghorofa. Milango ya paneli ya mninga. Grili za nondo zenye miale ya jua. Mbao za ngazi. Vigae vyekundu vya udongo vilivyoletwa kutoka Mangalore, India, ambavyo nyuma vina muhuri wa kiwanda. Vingi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu au kwenye jiko la mama lishe. Grili inapimwa kwa kilo kama nondo nyingine yoyote, kwa hiyo ukimwahi msimamizi wa ubomoaji kabla haijafika kwenye mizani unaipata kwa bei ya chuma. Dai risiti na piga picha kitu kikiwa bado ukutani. Mbao zikiwa barabarani huulizwa zimetoka wapi, na picha inajibu vizuri kuliko maneno.

Paa likiwa la asbesto, kaa mbali mpaka litolewe na watu wanaojua kazi hiyo. Hakuna mlango unaostahili kuvuta vumbi lile.

Kutambua mbao iliyopakwa rangi mara tano ni kazi. Kwangua mahali pasipoonekana, kwenye ukingo wa chini au ndani ya tundu la kitasa. Mninga una kahawia yenye michirizi, mvule unaelekea njano ya dhahabu unapokwanguliwa na kuiva kwa mwanga. Sehemu nyeupe ya pembeni ndiyo chakula cha wadudu. Gonga, sikiliza, tazama kama unga unadondoka kwenye vitundu.

Kwenye kutoa rangi ndiko watu wanakoumia. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi. Usizipige msasa zikiwa kavu, na usimruhusu fundi wa Keko akupigie kwa mashine huku watoto wanacheza pembeni. Lowesha, kwangua, kusanya magamba yote kwenye mfuko. Kostiki, yaani magadi makali ya kung'olea rangi, inang'oa haraka lakini mbao zenye tanini, kemikali ya asili ya mti, hugeuka nyeusi, na weusi ule hautoki kwa vanishi. Vumbi la mvule lenyewe, hata lisilo na rangi, linawasha pua na ngozi, barakoa ivaliwe.

Baada ya hapo subira. Mbao iliyokaa miaka sitini kwenye hewa ya Dar ukiiingiza kwenye chumba cha kiyoyozi itasinyaa na viungo vitaachia. Iache kivulini wiki kadhaa, kisha mwambie mteja asiwashe kiyoyozi kwa nguvu zote siku ya kwanza. Paneli usizigandishe kwa gundi, seremala wa zamani aliziacha zicheze ndani ya fremu kwa makusudi. Kwa nyumba za Msasani na Kigamboni, grili zipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote kabla ya kufungwa, na pale palipochomelewa upya zaidi ya kwingine. Chumvi ya bahari inaanzia hapo.

Malipo: kazi ya kukwangua lipa kwa siku, kazi ya kufunga lipa kwa bei ya jumla mliyokubaliana. Ukilipa kukwangua kwa jumla, fundi atakimbilia kostiki. Ukilipa kufunga kwa siku, vigingi viwili vitachukua wiki.