Muuaji wako hakosei? Basi huna riwaya

Mwezi huu nimepitia miswada mitano ya riwaya za upelelezi, yote ya waandishi chipukizi. Katika minne kati yake muuaji anavaa glavu nyeusi, anacheza sataranji peke yake usiku wa manane, na amepanga kila kitu "hadi sekunde ya mwisho". Mpelelezi naye halali, hacheki, anatupa jicho moja chumbani na kujua marehemu alikunywa nini juzi. Nimesoma nimejishika kichwa, maana muswada kama huo niliwahi kuuandika mimi. Nawapenda, ndiyo maana leo nawasema.

1. Ukamilifu mpe mhusika kama maradhi. Hercule Poirot, mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie, hawezi kupita penye kitu kilichokaa upande asikinyooshe, na watu wanamcheka. Lakini katika kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1920, maradhi hayo ndiyo yanayofungua kesi. Rafiki yake Hastings anamkumbusha, bila kujua uzito wa anachosema, kwamba mikono ilimtetemeka alipokuwa akinyoosha mapambo ya juu ya meko. Poirot anaruka. Mapambo yale alikwisha kuyanyoosha kabla! Kama yalipinda tena, kuna mkono uliyagusa, na mkono huo ulikuwa unaficha kitu. (Kitabu kina zaidi ya miaka 100, msinilaumu kwa kuwaharibia uhondo.) Wapelelezi wenu mmewanyima kila kilema, sasa hawana pa kuuonea ushahidi.

Na mara mojamoja waacheni wakosee kabisa. Sherlock Holmes, mpelelezi wa Arthur Conan Doyle, katika hadithi moja ya 1893 anakosea kesi nzima, kisha anamwomba rafiki yake Watson, anayesimulia visa vyake, amnong'oneze jina la mahali alipokosea kila atakapomwona anaanza kujiamini kupita kiasi. Mimi humpenda zaidi hapo kuliko anaposoma matope ya viatu.

2. Muuaji aliyepanga kila kitu huangushwa na mtu ambaye hakumweka kwenye mpango. Chukueni kisa cha kweli, Chicago, 1924. Nathan Leopold, miaka 19, na Richard Loeb, miaka 18, vijana wasomi wa familia tajiri, walipanga kwa miezi kadhaa mauaji ambayo waliamini hayangegunduliwa kamwe, wakamuua mtoto wa miaka 14. Miwani ya Leopold ikadondoka karibu na mwili. Bawaba zake zilikuwa za aina iliyouzwa kwa wateja 3 tu mjini humo. Hata hapo alikuwa na jibu: huenda aliidondosha siku nyingine, akitazama ndege. Na siku ya tukio? Alisema yeye na Loeb walikuwa wakizurura na gari lake. Ndipo dereva wa familia, akidhani anamtetea bosi wake kijana, akaeleza kwamba siku hiyo gari hilo halikutoka nyumbani, alikuwa akilitengeneza yeye.

Miezi ya akili nyingi, ikazamishwa na mtu mwaminifu aliyetaka kusaidia. Miswada yenu haina dereva huyo. Haina mfagizi, wala jirani asiyelala, wala mtoto aliyefuata mpira wake uani. Ina muuaji na mpelelezi tu, wanatazamana kama vioo viwili.

3. Haya, kosa langu. Kaeni vizuri.

Muuaji wangu alikuwa fundi saa. Kwa miezi minane nilichora ramani ya nyumba na kubandika ukutani jedwali la dakika kwa dakika. Chumba kilikuwa kimefungwa kwa ndani, ufunguo umezungushwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Uzi huo niliujaribu mwenyewe kwenye mlango wa chumba changu, nikajifungia nje saa mbili nzima, muswada wote ukiwa ndani. Nilizibua mlango, nikarudi kuziba matundu ya hadithi. Alama ya kiatu? Nikaifuta. Shahidi dirishani? Nikamwondoa. Nilijiona bingwa.

Sura ya 9 akaingia mpelelezi, akatafuta, hakukuta kitu. Angekuta nini, wakati mimi ndiye niliyefagia? Sura ya 15 nikamwotesha ndoto. Sura ya 20 "alihisi moyoni". Mwishowe muuaji, bila kubanwa na yeyote, akaketi na kusimulia yote kwa kurasa 31, mpelelezi ameshika kikombe cha kahawa ambacho nadhani mpaka leo hakijapoa.

Nikaupeleka kwa mhariri mmoja, mama mtu mzima, mpole. Ulirudi na penseli pembeni, kila mpelelezi alipojua jambo bila ushahidi: "Nani kamwambia?" Nilihesabu, mara 11. Ukurasa wa mwisho aliandika swali moja tu: "Marehemu aliitwa nani?" Nikakimbilia kupekua. Jina lake lilikuwa ukurasa wa 4, basi. Ufunguo nilikuwa nimeueleza zaidi kuliko yeye.

Nilinuna wiki nzima. Nilipousoma tena niliona aibu ya kweli: nilimpenda muuaji kwa sababu muuaji nilikuwa mimi. Nilishindana na msomaji, nikamshinda, naye angefunga kitabu akalale.

Nilichofanya baadaye kilinigharimu kurasa 200. Marehemu nikampa jina, na dada. Nikampa tabia ya kuweka saa yake ya ukutani mbele kwa dakika saba, makusudi, asichelewe kazini. Fundi saa anamaliza unyama wake, anageuka aondoke, anaiona saa ile haiko sawa. Hawezi. Anairudisha kwenye saa kamili. Siku ya tatu dada anaingia, anatazama ukutani, anauliza: "Nani ameirekebisha?"

4. Ya haraka haraka. Andika sura ya mwisho kwanza. Nyendo za wahusika wote, saa kwa saa, ziwe kwenye karatasi moja. Kidokezo kikubwa kifiche katikati ya orodha ya vitu vya kawaida. Ungamo la muuaji lisizidi kurasa mbili. Polisi hujaza fomu, mpe wako makaratasi.

5. Mpelelezi hodari asisimulie mwenyewe. Watson yupo kwa sababu hiyo, na Najum, msimulizi wa visa vya Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, pia: mtu wa kushangaa kwa niaba yetu. Hili nilitaka kulieleza kirefu, lakini nimeshawachosha na fundi saa.

Wale wanne, miswada yenu ninairudisha, toeni kwanza glavu. Wa tano, ambaye muuaji wake alirudi usiku kumlisha paka wa marehemu kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kumlisha: niletee sura zilizobaki, hata kama hazijakamilika.