Meli zinazosikiliza

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi simu hapa Makambako. Nasikia kuna meli za kijasusi zinazokaa baharini zikinasa mawasiliano ya nchi nyingine. Zinafanyaje, na mbona hazikamatwi? Zinaweza kunasa simu zetu huku bara?

JIBU: Marahaba, fundi mwenzangu. Nimetengeneza redio Mwanjelwa hadi nywele zimeota mvi, na swali hili nalipenda.

Angalia picha ya Dupuy de Lôme ya Ufaransa, iliyoanza kazi 2006. Yale matufe makubwa meupe juu yake ni vifuniko vya antena: vinazikinga na chumvi na upepo, na vinaficha zimeelekezwa wapi. Ndani watu wamevaa visikilizi zamu kwa zamu. Hawanasi maneno tu. Kila aina ya rada ina mdundo wake. Ukishaurekodi, siku nyingine ukiusikia unajua ni rada gani imewashwa. Marjata ya Norwei hufanya kazi hiyo kwenye Bahari ya Barents, ikiwafuatilia Warusi.

Hazikamatwi kwa sababu hukaa nje ya maili 12 za baharini, karibu kilomita 22 kutoka pwani. Ndani ya mpaka huo, sheria ya bahari ya 1982 haiiruhusu meli inayopita kukusanya habari za ulinzi wa nchi. Nje yake, meli ya serikali haiguswi.

Lakini Pueblo ya Marekani iliguswa. Januari 23, 1968 Korea Kaskazini iliiteka. Ilikuwa meli ndogo ya mizigo iliyogeuzwa, ina bunduki mbili tu za rashasha, nazo zimefunikwa turubai lililoganda barafu. Mabaharia walivunja mitambo kwa nyundo na kuchoma karatasi, karatasi zisiishe. Mmoja aliuawa, 82 waliteswa kifungoni miezi kumi na moja. Kuwapeleka vijana pale na shehena ya siri bila njia ya kuiharibu haraka lilikuwa kosa kubwa la waliowatuma, na mpaka leo linaniuma.

Kuhusu simu zako, ondoa shaka. Mawimbi yake ni ya kufika mnara wa jirani, na kati ya Makambako na bahari kuna milima na mamia ya kilomita. Redio ya masafa mafupi ndiyo tofauti: mawimbi yake hugonga tabaka la juu angani yakarudi chini mbali sana. Anayezungumza kwa hiyo kutoka Makambako, meli iliyoko Bahari ya Hindi inaweza kumsikia.