Novemba London: namna ya kuungoja mwezi mpevu

Wewe uliyefika London mwaka huu, usije ukafanya kama mimi. Novemba yangu ya kwanza nilikwenda daraja la Waterloo saa kumi na mbili jioni, kwa mazoea ya Tanga, nikakuta mwezi umeshapaa, mweupe na baridi, hauna habari na mtu. Mwezi mpevu hukaa upande wa pili wa jua, kwa hiyo huchomoza jua linapokuchwa. Mwishoni mwa Novemba jua la hapa linakuchwa yapata saa kumi alasiri, wakati kwetu watu ndio kwanza wanaswali alasiri. (Kamusi huita majira haya vuli. Vuli yetu ni mvua. Yao ni majani kupukutika.)

Siku yenyewe ichague vizuri. Kalenda ikiandika mwezi mpevu, mimi huenda jioni moja kabla. Kila siku mwezi huchelewa karibu saa moja, basi siku hiyo ya kabla huchomoza kungali na mwanga, na unaona mwezi pamoja na mji. Ukienda siku moja baada yake utaungoja gizani huku vidole vikifa ganzi.

Jambo lililonisumbua zaidi ni upande. Kwetu mwezi unatoka baharini, unapanda juu karibu wima. Hapa Novemba unatokea kaskazini-mashariki, kisha unapanda kwa mshazari kuelekea mkono wa kulia. Ukisimama katikati ya daraja ukitazama kuba la kanisa la St Paul's, usitazame kulia kwake kwenye yale maghorofa. Tazama kushoto, uuache uje wenyewe. Nilipoteza jioni mbili kwa kutazama kulia.

Mshazari huo ndio unaoufanya uchelewe. Tanga, tangu ukingo wa juu wa mwezi utokeze hadi duara lote liwe nje, ni kama dakika mbili. London ni kama nne. Nyosha mkono, vidole vitatu vya katikati ukivilaza juu ya upeo vinafunika nyuzi kama tano hivi. Safu ya nyumba yenye kimo hicho itakuchelewesha zaidi ya nusu saa baada ya saa iliyoandikwa kwenye programu ya simu. Kwa hiyo usikate tamaa mapema, wala usiilaumu programu. Yenyewe inahesabu kana kwamba mbele yako pana bahari tupu.

Wakati unangoja, tazama mashariki jua likishazama upande wa pili. Utaona ukanda wa buluu iliyoiva chini kabisa, na juu yake waridi. Ule wa buluu ni kivuli cha dunia kinapanda. Anga ikiwa safi unauona vizuri, na Tanga upo pia. Sikuwahi kuuangalia, nilikuwa nikitazama jua kama kila mtu.

Utakapotoka utaonekana mkubwa kama sinia la biriani, na rangi yake nyekundu ya chungwa, kwa sababu mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi ya karibu na ardhi. Rangi ni ya kweli. Ukubwa ni macho yako tu: ufunike kwa kidole kidogo cha mkono ulionyooshwa, unafichika wote, sawasawa na usiku wa manane ukiwa juu. Ndiyo maana picha ya simu inakutolea kidoa. Gusa mwezi kwenye kioo, shusha mwanga, halafu weka mnara au kuba kando yake. Betri iweke mfuko wa ndani, baridi huimaliza.

Na ukiwa hapo darajani, chungulia chini. Thames inapwa na kujaa, na mwezi mpevu unaleta bamvua, maji kujaa na kupwa kupita kawaida, kama kwetu, hata siku moja mbili baadaye. Mtoto wa mvuvi hatapotea hapa.

Mwezi ukishatoka mimi humpigia mama simu. Kwake ni saa moja usiku, na ule ule mwezi umepanda juu ya minazi tangu muda. "Umeuona sasa hivi?" huniuliza. "Sisi tumeshakula futari."