Ndimu ya chunguni yenye majani ya njano: chunguza mchanga na maji kabla ya mbolea

Ndugu, umeeleza kwamba ndimu yako iliyo chunguni huko Mbezi Beach inatoa majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, nawe unaimwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni na kuiwekea majivu kila wiki. Nakuomba uache majivu leo hii, kwa kuwa hupunguza uchachu wa udongo, na dalili ulizozitaja zinaonyesha kwamba udongo wako umekwisha kuukosa.

Hapa Kunduchi niliiwekea ndimu yangu urea, mbolea ya naitrojeni, mara mbili nikidhani ina njaa, na kila mara majani mapya yalitoka ya njano. Upungufu wa naitrojeni huanzia kwenye majani makuukuu ya chini. Njano inayoanzia juu, huku mishipa ikibaki kijani, kwa kawaida ni ukosefu wa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni, lakini pH (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu unapopungua) ikipita 7 hujifunga katika hali ambayo mizizi haiwezi kukifyonza, na ndimu hupenda pH ya kati ya 5.5 na 6.5.

Kosa langu lilikuwa mchanga. Niliuchota uani, ukiwa umejaa vipande vya makome na matumbawe, ambavyo ni chokaa tupu. Dondoshea siki kwenye kijiko cha udongo mkavu: ukitoa povu, chokaa imo. Maji ya visima vyetu vya pwani nayo mara nyingi hubeba chokaa na chumvi, na maji yanapokauka chumvi hubaki. Ule ukoko mweupe ukingoni mwa chungu ndio ushahidi. Usiimwagie ndimu siki ukitumaini kurudisha uchachu, kwani chokaa huimaliza nguvu upesi, na siki ikizidi huunguza mizizi. Salfa ya unga husaidia, ila hutegemea bakteria wa udongoni, huchukua wiki nyingi, na penye chokaa tele haifui dafu. Mimi nilihamisha mti wote, nikapukutisha mchanga taratibu, nikaupanda katika udongo mwekundu uliochanganywa na mboji iliyoiva na vumbi la makumbi ya nazi nililolisuuza vizuri kuondoa chumvi.

Kuhusu kumwagilia, usifuate saa. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili; pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke matunduni, kisha mwaga yaliyotuama kwenye kisahani. Mizizi iliyokosa hewa haifyonzi chuma hata pH ikiwa nzuri. Januari na Februari huenda ukamwagilia kila siku, ilhali wakati wa masika chungu kinaweza kukaa siku kadhaa. Kinga mvua kwenye pipa lenye kifuniko, baada ya kuiacha ya kwanza ioshe vumbi la bati, kwani maji yake hayana chokaa na yana uchachu kidogo.

Majani mengi yaliyokwisha kuwa njano hayatarudi kijani, kwa hiyo usiyatumie kupima maendeleo. Tazama vichipukizi, vyangu vilianza kutoka kijani baada ya takribani miezi miwili.