Kipicha cha mfereji na kiazi cha mama

SWALI: Shikamoo Fundi. Jumamosi nilinunua kipicha cha rangi ya mafuta kwa yuro 15 kwenye soko la mitumba la Waterlooplein, Amsterdam. Kinazidi daftari la shule kidogo tu. Kina mfereji uliotulia, daraja la matofali na mashua moja iliyofungwa. Mtu hata mmoja hayumo. Hakina sahihi, na anga yake imekuwa kahawia. Mama yuko Tanga. Nilimwonyesha kwa simu, akaniambia nikipanguse kwa kiazi kibichi. Je, ni cha zamani? Nikisafishe?
Msomaji, Rotterdam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kiazi kiweke kando kwanza. Mama hayuko peke yake, hata Wazungu walisugua picha zao kwa viazi, vitunguu na mkate miaka na miaka.

Umri tuumalize upesi. Tazama kwa lenzi ya kukuzia: ukiona vinukta vilivyojipanga, umeuziwa karatasi iliyochapwa kiwandani. Kisha geuza nyuma. Turubai iliyobanwa kwa pini za stepla aghalabu si ya bibi yako. Misumari midogo yenye kutu inatia moyo, ingawa fremu hubadilishwa. Na usiote utajiri. Jan van der Heyden, aliyefariki 1712, alichora mifereji ya Amsterdam tofali kwa tofali (huyohuyo ndiye aliyebuni na nduguye mpira wa kuzimia moto, kwa hiyo maji aliyajua), lakini wa namna yake hawauzwi yuro 15.

Sasa hiyo kahawia. Rangi ya mafuta haikauki kama kanga kambani. Mafuta ya kitani hunyonya hewa, yakagandamana polepole. Juu yake mchoraji hupaka vanishi, na vanishi ya utomvu ikizeeka hugeuka rangi ya chai kavu. Huenda anga yako ni ya kijivu au buluu, imejificha humo.

Nilipokuwa kijana nilipewa kipicha cha mtu nikisafishe, kama chako, nacho kina mashua. Nikachukua maji na sabuni, nikasugua kwa kitambaa. Anga ikang'aa, nikafurahi. Kuja kutazama, kamba ya mashua haipo! Ilikuwa mstari mwembamba kama uzi, wa rangi nyepesi, uliopakwa mwisho kabisa. Vya mwisho kupakwa ndivyo hukaa juu, na ndivyo huondoka kwanza. Mwenyewe alipokuja akauliza, "Mbona mashua imefunguliwa?" Sikuwa na jibu.

Wewe pangusa vumbi tu kwa burashi laini, kavu, na kama rangi inabanduka, hata hilo usifanye. Usikitundike juu ya hita wala juani. Ukitaka vanishi itolewe, mpelekee fundi wa kuhifadhi michoro. Akianza kwa pamba aliyoilowesha mate usishangae, ni njia yao ya kweli. Ila mwulize bei kabla, maana yuro 15 zako hazitafika mbali.

Kiazi kakaange.