Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mama Hufariki kwa Uzazi?

Wifi yangu alijifungua salama, mtoto akalia, lakini baada ya muda mfupi wifi alifariki kwa kutokwa na damu. Imewezekanaje?

Pole sana kwa msiba. Kondo la nyuma likitoka huacha mishipa ya damu wazi, na kinachoizuia damu ni misuli ya mfuko wa uzazi kujikaza na kuibana. Ikilegea, mama anaweza kufariki ndani ya saa chache. Ndiyo maana kila mzazi anapaswa kuchomwa oksitosini mara mtoto anapozaliwa, dawa ya kuikaza misuli hiyo, ambayo hupungua nguvu isipohifadhiwa kwenye jokofu. Tena damu ikikadiriwa kwa macho tu, khanga na mashuka huificha. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukatolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuikinga damu kwa plastiki yenye vipimo na kuanza tiba zote kwa pamoja kulipunguza visa vya hatari vya kutokwa na damu kwa takriban asilimia 60. Kila chumba cha kujifungulia kinastahili kifaa hicho.

Nina mimba ya miezi saba, miguu imevimba na kichwa hakiachi kuuma. Bibi anasema ni uzito wa mimba.

Nenda kituo cha afya leo, usingoje tarehe ya kliniki. Miguu kuvimba ni jambo la kawaida, lakini ikiambatana na kichwa kuuma, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu, huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Upimwe shinikizo la damu na mkojo. Degedege likianza, wengine hudhani ni mashetani, na muda unaopotea kwa mganga ndio ambao sindano ya magnesiamu ingeokoa maisha. Hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua.

Sababu nyingine ni zipi?

Maambukizi, uchungu pingamizi (mtoto kushindwa kupita) na utoaji mimba usio salama. Malaria na upungufu wa damu humdhoofisha mama mapema.

Ni kweli vifo vimepungua Tanzania?

Takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 za 2015/16. Ni hatua kubwa, ila bado wapo mama wanaocheleweshwa nyumbani kwa kusubiri ruhusa ya mume, njiani kwa kukosa gari, au kituoni kwa kukosa damu ya kuongezewa. Familia ikubaliane mapema nani ataamua, na iihifadhi namba 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito, ambayo haitozwi.