Jibu: Mtu wa bakteria anatafuta nini sayari nyingine?

Mkuu, umeuliza inakuwaje profesa wa baiolojia ahangaike na uhai nje ya Dunia wakati hiyo, kwa maneno yako, ni kazi ya watu wa darubini. Mchukue Joshua Lederberg, Mmarekani aliyezaliwa 1925. Mwaka 1946 yeye na Edward Tatum walionyesha kuwa bakteria hupeana vinasaba. Tuzo ya Nobel akaipata 1958, ana miaka 33 tu (sisi wengine umri huo bado tunatafuta ada).

Kilichomshtua ni Sputnik, satelaiti ya kwanza ya Wasovieti, iliyorushwa Oktoba 1957. Wengi waliwaza makombora, yeye akawaza vijidudu. Chombo kikitua Mirihi na bakteria wa kwetu, siku ukipima udongo wa huko utajuaje ulichokikuta ni cha kule au umekibeba mwenyewe? Swali hilo halimkoseshi usingizi mtu wa darubini, linamkosesha mtu wa maabara. Ndiyo maana vyombo vya Viking, vilivyotua Mirihi 1976, vilichomwa kwanza kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100 ili kuua kila kitu.

Na kwa vile upo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huhitaji roketi kuona uhai unavyostahimili mazingira magumu. Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, lina magadi makali ya kubabua ngozi, lakini vijimea vya humo ndivyo vinavyolisha flamingo. Ukitaka njia hii, anza na mikrobiolojia, na kemia usiikimbie. Mambo ya nyota utayakuta mbele ya safari.